Mkono Unaojua Kivuli

Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Mvua ikinyesha Newala, udongo wa kichanga huyameza maji papo hapo na kuyashusha mbali chini, yakatokeze tena bondeni, kwenye miguu ya genge. Kwa vizazi vingi wanawake wa hapa waliliteremka genge hilo na mitungi mitupu, wakalipanda na mitungi iliyojaa. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza maisha ya watu wa kusini, aliikuta hali hiyo na kuiandika. Ipo pia simulizi ya Wamakonde, iliyoandikwa na Wajerumani wa zama hizo, isemayo kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, nayo ikageuka kuwa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kando ya mto akiwa mfu. Wakapanda juu kidogo, na wa pili naye hakuishi. Wa tatu alizaliwa juu kabisa, uwandani, na huyo ndiye aliyeishi. Wahenga wa hapa walikaa mbali na maji kwa makusudi.

Ufundi ninaotaka kuueleza unafanyika juu ya uwanda huohuo, nao ni ufundi wa kutunza ua lisilovumilia kiu hata kutwa moja.

Wengi mmeliona, hata kama hamkuuliza jina lake. Lina petali tano bapa zilizotandazwa kama kiganja, nyekundu, nyeupe, za waridi, za zambarau au za rangi ya chungwa iliyoiva. Shina lake ni nene na limejaa maji. Ukiliinua kuelekea jua mwanga unapita ndani yake, na mara nyingi kwenye mafundo pana wekundu. Wauza maua wa mijini huliita impeshensi. Katika vitabu vya mimea ni Impatiens walleriana, mwenyeji halisi wa Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kupita Tanzania hadi Malawi na Msumbiji. Makao yake ni misitu yenye unyevu, kingo za vijito na miamba isiyopigwa na jua. Milima yetu imejaa ndugu zake. Christopher Grey-Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu jamii hii barani Afrika, aliorodhesha spishi zaidi ya 100, na nyingi miongoni mwazo huishi kwenye mlima mmoja au safu moja ya milima, hazionekani kwingine popote duniani. Uluguru ina zake, Usambara ina zake.

Mama ninayemzungumzia anaishi Newala mjini, katika nyumba ya bati yenye uani mpana na mwembe mmoja mkubwa. Jina lake silitaji kwa kuwa hapendi kutangazwa. Ana shamba la mikorosho kama watu wengi wa hapa, na shamba ndilo linalomlisha. Maua ni kazi ya asubuhi na ya magharibi. Ukimwamkia shikamoo, anaitika marahaba mikono ikiwa bado ndani ya udongo, kisha anakuonyesha kwa kidevu mahali pa kukaa.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba watu wengi hawajui kivuli. Wanaona mahali hapana jua saa ile waliyosimama, wanapanda, basi. Yeye hupaangalia mahali mwaka mzima. Newala iko kusini mwa ikweta, karibu latitudo ya 11, na hilo lina maana kubwa kwa mtu mwenye maua. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, hivyo kivuli cha nyumba kinalala kusini. Ikifika mwishoni mwa Oktoba jua linavuka juu ya paa na kuhamia kusini, likae huko hadi Februari nyingine. Ukuta uliokuwa hifadhi miezi yote ya kipupwe na kiangazi unageuka tanuri, tena wakati wa joto kali kabla ya mvua kushika.

“Kivuli cha ukuta kinahama, mwanangu,” aliniambia. “Cha mti kinakaa. Lakini cha mti nacho lazima ukifundishe.”

Kwa hiyo miche yake iliyo kwenye viriba na makopo huhamishwa mara mbili kwa mwaka, kutoka kusini mwa nyumba kwenda kaskazini, na baadaye kurudishwa. Haangalii kalenda. Kwenye sakafu ya baraza kuna mstari wa rangi ya chokaa alioupiga zamani. Kivuli cha paa kikiugusa adhuhuri, anaita wajukuu, viriba vinaanza kubebwa. Ile iliyopandwa ardhini ipo chini ya mwembe, na hapo ndipo penye mafunzo aliyoyasema. Mwembe uliokomaa hutoa kivuli kizito mno, ua likirefuka na kupauka likitafuta mwanga, majani makubwa na maua machache. Amekata matawi ya chini kwa miaka mingi, moja leo, jingine msimu ujao, mpaka mwanga wa asubuhi ukapata njia ya kuingia kwa ubavu. Jua la saa moja hadi saa tatu linaruhusiwa. Baada ya hapo mlango unafungwa. Chini ya mkorosho hapandi, ingawa anayo. Majani ya mkorosho ni makavu na magumu, yanachelewa kuoza, na wakati wa kuokota korosho miguu ya watu haina huruma na maua. Kivuli cha mpapai anakiona chepesi, cha mgomba kizuri lakini mgomba wenyewe una kiu na utanyang'anya maji.

Nimewahi kutembelea bustani za hoteli kubwa ambako ua hili limepandwa mstari mmoja mrefu, nusu kivulini na nusu juani, mstari ukivutwa kwa kamba ili upendeze machoni. Nusu moja inastawi, nusu nyingine inaungua. Kwa mama huyu hakuna mstari. Kila mche uko pale ambapo mwanga wake upo, na ukisimama mlangoni unaweza kudhani yameota yenyewe.

Halafu maji. Siku hizi Newala ina bomba. Mradi wa maji wa Makonde huyasukuma kutoka chanzo cha Mitema, bondeni kule Kitangari, hadi juu uwandani, na kila anayejua urefu wa mteremko ule anajua kazi iliyomo. Lakini watu wa hapa hawakuacha desturi ya kuvuna mvua. Chini ya uani wa mama huyu kuna tangi la saruji lililochimbwa ardhini, linalopokea maji ya paa zima kupitia mfereji wa bati. Mvua za Desemba hadi Aprili zinalijaza; kuanzia hapo ni hesabu. Maji ya kunywa na kupikia kwanza, kuku, kisha maua. Yaliyooshea mchele hayamwagwi.

Mmea huu una tabia inayowatia watu wengi wasiwasi. Saa saba mchana, joto likipanda, unalegea wote, majani yanainama na shina linaonekana kama linaomba msamaha. Mtu mgeni hukimbilia ndoo. Mama huyu hapeleki ndoo. Anaingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kidole kikitoka na unyevu, anauacha. Mmea ule haukosi maji. Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, na jua likishuka unasimama wenyewe. Ukiumwagilia wakati ule unajaza maji udongo ambao tayari una maji, mizizi inakosa hewa na kuoza, na wiki ijayo unalegea kweli na hausimami tena. Unaolegea saa kumi na mbili jioni, au ule unaoamka asubuhi umelegea, huo ndio wenye kiu. Huo hupewa kata moja, shinani, polepole, mpaka maji yachungulie chini ya kiriba.

Hilo la kumwagilia shinani analishikilia kama sheria. Hanyunyizii majani jioni. Ikibidi kuyaosha vumbi, ataosha asubuhi na mapema ili jua la saa tatu liyakaushe. Nilipomuuliza sababu, hakuzungumzia maua, alizungumzia korosho. Kila mkulima wa Newala anaujua ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaovamia machipukizi na maua ya mkorosho katika asubuhi za baridi na umande za kati ya mwaka, na ndiyo sababu msimu ukifika sauti ya mashine za kupuliza salfa husikika mashambani kabla ya jua kuchomoza. Aliyewahi kupoteza mavuno kwa ukungu hauchezei unyevu wa majani. Tutarudi kwenye ukungu, maana nje ya nchi ua hili limeumizwa na ukungu wa aina yake kuliko hata mkorosho ulivyoumizwa hapa.

Udongo wake anauchanganya mwenyewe. Kichanga chekundu cha Newala peke yake hakifai, kinapitisha maji kama pakacha. Anaongeza mboji ya majani ya mwembe iliyolala shimoni mwaka mzima, na samadi ya mbuzi ya zamani, iliyokwisha kupoteza harufu. Huuchekecha kwa wavu, anauloweka, anauminya kiganjani: ukiachia, donge lisimame kidogo kisha livunjike lenyewe likiguswa. Donge lisilovunjika linarudishiwa mchanga. Lisiloshikana linaongezewa mboji. Nimemwona akirudia jambo hili mara kadhaa kwa karai moja la udongo, na hakuna aliyekuwa akimharakisha.

Sasa nifike kwenye kazi ya mikono inayonifanya nikae pale mpaka chai ipoe.

Kuzalisha kwa vipande ndiyo njia yake ya kawaida. Anachagua tawi lisilo na ua, au lenye tumba changa tu, kwa sababu tawi lenye maua limeshaelekeza nguvu kwingine. Anatumia wembe mpya, hatumii kisu wala kucha, kwa sababu shina lenye maji mengi likipondwa linaoza kabla ya kutoa mizizi. Anakata chini kidogo ya fundo, upana wa punje ya mchele chini yake, kwa kuwa mizizi hutokea hapo fundoni. Majani ya chini anayaondoa, ya juu anabakiza mawili au matatu, na yakiwa makubwa anayakata nusu ili yasivute maji ambayo kipande bado hakina mizizi ya kuyatafuta. Matumba yote yanatolewa. Kipande kinasimamishwa kwenye mchanga safi uliolowa ndani ya kopo, kinafunikwa kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, na kopo linawekwa mahali penye mwanga usio na jua. Chupa ikipata ukungu wa maji ndani, kizibo kinafunguliwa. Baada ya wiki mbili hivi anakishika kipande kwa vidole viwili na kukivuta taratibu sana. Kikikataa kutoka, kina mizizi.

Nilitazama vidole vile vikivuta. Nguvu yake ni ndogo kiasi kwamba mchanga hautikisiki. Hausukumi mmea kujibu. Anasubiri aone kama utajibu. Vipande vilivyokubali anavihamisha siku hiyohiyo kwenye viriba, na baada ya kupata majani mapya manne au zaidi anaikata ncha ya juu. Wajukuu wake huumia wakiona ncha inakatwa, lakini mmea uliokatwa ncha hutoa matawi mawili au matatu pembeni na kuwa kichaka. Usiokatwa huenda juu peke yake kisha huanguka kwa uzito wake.

Kuzalisha kwa mbegu ni kazi nyingine kabisa, na hapa lazima nilieleze ua lenyewe kwa karibu. Ligeuze ulitazame nyuma: utaona mkia mwembamba, mrefu, uliopinda, wenye utamu ndani yake. Utamu huo uko mbali mno kwa nyuki wengi, na ndiyo maana wageni wake wakuu ni vipepeo wenye ndimi ndefu. Sasa tazama katikati ya petali. Kuna kitu cheupe kidogo kama kichwa cha pini. Hiyo ni kofia: sehemu za kiume za ua zimeungana na kufunika kabisa sehemu ya kike iliyo chini yake. Siku za mwanzo ua linatoa chavua tu. Baadaye kofia nzima inadondoka kwa mara moja, ndipo sehemu ya kike inaonekana, tayari kupokea chavua kutoka ua jingine. Ua moja ni dume kwanza, kisha jike, haliwi vyote viwili kwa wakati mmoja. Mama huyu aliligundua hilo kwa kutazama, miaka mingi kabla hajasikia mtu akilisema, na alinionyesha kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, akiinua kofia bila kuchubua kitu chochote.

Maana yake kwa mtunzaji ni hii: vipepeo wakiachwa huru, mbegu za ua jekundu zinaweza kuzaa waridi, jeupe likazaa jekundu hafifu. Anayetaka rangi ileile huchukua kipande. Anayetaka kuona jipya huchukua mbegu. Yeye ana mmea mmoja mweupe ambao anaupenda kuliko yote, na kwa huo tu ametenga kipande cha chandarua cha zamani alichokishona kuwa kifuniko. Chini ya chandarua kipepeo hafiki. Ua likishadondosha kofia, anachuma jingine la mmea huohuo lililo bado na kofia yake, anamgusisha mwenzake chavua, anafunika tena. Mbegu zinazotoka hapo, kwa uzoefu wake, zimezaa weupe mwingi.

Tunda linakua likiwa kijani, nene katikati, lenye michirizi. Likiiva halibadiliki rangi sana, na hapo ndipo wengi hulipoteza. Liguse kidogo tu: kuta zake tano zinajikunja kwa ghafla kuelekea ndani na mbegu zinarushwa huku na huko. Watoto wa mtaa hupenda mchezo huo. Mama huyu hulizungushia kiganja kizima kwanza, vidole vikifunga kabla ya ngozi kugusa tunda, kisha analiminya. Ukifungua kiganja unakuta gamba lililojikunja kama mdudu na vimbegu vya kahawia. Ni vidogo sana. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 1,500. Hazifukiwi, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Anazinyunyiza juu ya udongo laini, anazibonyeza kwa kiganja bapa, na kopo analiketisha ndani ya beseni la maji ili unyevu upande kutoka chini. Maji yakimwagwa juu, mbegu zote zitakimbilia ukingoni.

Mbegu hizi zimesafiri kuliko watu wengi wa Newala. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alilipa ua hili jina mwaka 1868 kwa heshima ya Horace Waller, mlei aliyekwenda nyanda za Shire mwaka 1861 na misheni ya Kianglikana ya UMCA, siku zile ambazo Livingstone naye alikuwa huko. Misheni hiyo baadaye ilihamia Zanzibar, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere akawaleta watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, wakajenga hapo. Masasi iliposhambuliwa na Wangoni walioitwa Magwangwara mwaka 1882, wamisionari walihamia Newala kwa muda. Mwaka huohuo wa 1882, Hooker aliandika kuhusu ua alilodhani ni jipya, lililopelekwa Uingereza na John Kirk, konseli wa Uingereza, kutoka Zanzibar, akaliita kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ikaonekana ni mmea uleule mmoja, na kwa kanuni za majina ya mimea jina la kwanza likashinda. Kirk huyo ndiye aliyepanda mto Ruvuma kwa mashua pamoja na Livingstone mwaka 1862, mto unaoutazama ukisimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa genge hapa Newala, siku isiyo na ukungu.

Ulaya walilipokea kama ua la dirishani, la nyumba zisizo na jua. Mapinduzi ya ua hili yalianzia Costa Rica. Claude Hope, Mmarekani aliyepelekwa huko wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kilimo cha mkwinini, alibaki akawa mzalishaji wa mbegu za maua, na ua letu alilikuta limekwishazagaa kando ya barabara za nchi ile. Akaanza kuchagua na kuchanganya: mimea mifupi, yenye matawi kutoka chini, yenye maua mengi kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikatoka jamii aliyoiita Elfin, na bustani za Marekani zilizokuwa na pembe zenye kivuli zisizoota kitu zikajaa rangi. Mbegu chotara za namna hiyo hutengenezwa kwa mikono. Mfanyakazi anainua kofia kabla haijadondoka, anapeleka chavua kutoka mmea wa baba hadi mmea wa mama, ua moja baada ya jingine, kutwa nzima. Ni kazi ileile niliyoiona ikifanywa kwa kijiti cha meno chini ya mwembe. Nasema hivyo kwa heshima ya pande zote mbili. Hope alikuwa na mashamba, vibanda na wafanyakazi wengi. Mama huyu ana chandarua. Jicho linalojua saa ya kofia kudondoka ni jicho lilelile.

Kisha ukaja ukungu. Unaitwa Plasmopara obducens. Uingereza uliripotiwa mwaka 2003, na kufika mwaka 2011 na 2012 ulikuwa umetapakaa Marekani. Majani yanapauka, yanajikunja kingo, na chini yake panaota unga mweupe laini. Siku chache baadaye yanapukutika yote, yakabaki mashina matupu. Husambaa kwa matone ya maji na hustawi majani yakilala yamelowa, na mbegu zake huweza kubaki udongoni zikingoja msimu mwingine. Ua lililokuwa miongoni mwa yanayouzwa sana kuliko yote liliondolewa katika bustani nyingi. Wazalishaji walichukua miaka kutafuta mimea yenye kinga, na kuanzia karibu mwaka 2020 zimeuzwa aina mpya kama Beacon na ile ya kampuni ya Syngenta iliyopewa jina Imara. Nilipomsimulia mama huyu habari za ukungu ule, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: wanamwagilia saa ngapi? Nikamwambia bustani nyingi kule zina mabomba ya kurusha maji juu, mengine usiku. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye karai lake.

Naamini nchi yenye misitu ya Uluguru na Usambara, yenye ndugu zaidi wa ua hili kuliko bustani yoyote ya Ulaya, ingepaswa kuwa na vitalu vya umma vinavyoyatunza na kuyafundisha. Shule zetu zina kuta ndefu zenye upande wa kivuli ambao haujawahi kupandwa kitu. Wodi za hospitali zina veranda. Mwalimu wa sayansi anayetaka kuonyesha jinsi maji yanavyopanda kwenye shina hana mmea bora kuliko huu: kata tawi, lisimamishe kwenye maji yenye rangi ya chakula, na darasa zima litaona rangi ikipanda ndani ya shina bila darubini. Vipande havina gharama. Kinachokosekana ni mtu wa kueleza kwa nini wembe uwe mpya na kwa nini kidole kiingie udongoni kabla ya kata.

Mama huyu hueleza. Watu hufika kwake kutoka Kitangari na hata Masasi, na yeyote anayenunua mche hapewi mche kwanza, anaulizwa maswali. Nyumba inatazama wapi? Asubuhi jua linaingia upande gani? Maji unachota wapi, na nani atakuwepo nyumbani ukisafiri? Kuna aliyejibu vibaya akaambiwa arudi baada ya mvua. Anayejibu vizuri hufungiwa kiriba kwa kitambaa kilicholowa na kupewa maelekezo ya njiani: kwenye basi usiuweke dirishani, upepo utaukausha kabla ya Masasi, uweke miguuni, mbali na injini. Ukifika usiupande siku hiyo. Uache kivulini ndani ya kiriba chake siku tatu, uuzoee upepo wa hapo, umwagilie shinani, kisha ndipo uchimbe shimo, jioni, jua likishaondoka.